Mtungi wa Bwera Uliolia Kabla ya Wakati

Nyinyi mnaoanza kazi ya mitungi ya gesi, kabla hamjafungua kompyuta zenu, nifanyieni jambo moja. Ulazeni mtungi mezani, zimeni taa ya juu, kisha mwashe tochi na kuumulika kwa ubavuni, mwanga ukiwa umelala kama jua la asubuhi linapotambaa juu ya mashamba ya pamba. Kidonda ambacho hamkukiona mchana kutwa kitajitokeza chenyewe na kivuli chake. Halafu upapaseni kwa kiganja kitupu, taratibu, tena na macho mmefumba ikiwa hakuna wa kuwacheka. Umri wake ulizeni baadaye.

Mimi naitwa Nafula. Nimestaafu kwa sababu magoti yangu yalistaafu kwanza, lakini hata leo nikiona mtungi umepakiwa kwenye pikipiki nageuka kuutazama, kama wanaume wa rika langu wanavyogeuza shingo kwa mambo mengine. Baba yangu alitoka Kenya kuja kuchimba shaba, akatuzaa Kasese katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Kila mlango pale ulikuwa na lugha yake, basi tuligombania maji bombani kwa Kiswahili. Nilipokua nikaingia karakana moja ya Nyamwamba, ya kupima mitungi: ya hospitali, ya mafundi wa kuchomelea, na ile iliyokuja kutoka Hima imejaa vumbi la saruji mpaka ndani ya koki.

Mkubwa wa karakana alikuwa Afande Okello. Alikuwa ameacha jeshi miaka mingi, ila jeshi lilikuwa halijamwacha. Aliamini kwamba mtungi na kuruti ni kitu kimoja: wote huingia wamenyooka, na kazi yako ni kujua watapinda siku gani. Mtungi ukiletwa, aliuzunguka mara mbili na mikono nyuma, akauambia, "Simama vizuri," kisha akaugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima huimba. Chuma kigonjwa hujibu kwa mkato, kama mtu uliyemwamsha usingizini. Mitungi iliyoshindwa tuliikata kitako tukawapa makanisa na shule, nao wakaitundika kuwa kengele. Ndiyo maana ukipita Jumapili kutoka Hima hadi mpakani, nusu ya kengele unazosikia ziliwahi kushindwa mtihani mbele ya Afande.

Halafu ikaja mitungi ya hidrojeni. Kampuni moja ya simu ilikuwa imeweka mashine katika minara yake michache, ya kugeuza gesi hiyo kuwa umeme pale umeme wa kawaida unapokatika. Huku kwetu kukatika huko kulikuwa jambo la kila siku. Gesi yenyewe ilibanwa kwa nguvu nyingi ndani ya mitungi iliyosukwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, juu ya kiini chembamba cha alumini. Siku mtungi wa kwanza ulipofika, Afande aliinama, akapanua miguu, akashika pumzi na kuuinua kama alivyozoea kuinua chuma. Mtungi ulikuwa mwepesi kama kikapu cha mayai. Ukaruka naye mpaka kifuani, yeye akaenda kinyumenyume na kukaa ndani ya beseni la maji ya sabuni. Alikaa humo kwa muda, mtungi ameupakata, akatuambia tuendelee na kazi.

Aliudharau tangu siku hiyo. Alisema kitu chenye nguvu hakiwezi kukosa uzito. Mimi nami sikuuelewa mpaka nilipofikiria kamba ya kufungia mbuzi. Kamba ile imesukwa kwa nyuzi nyingi. Leo mbuzi akivuta unakatika uzi mmoja, kesho miwili, na kwa nje kamba inaonekana ileile. Mtungi wa nyuzi unachoka hivyohivyo. Kila ukiujaza unatanuka kidogo, ukiutumia unarudi, na katika kwenda na kurudi huko nyuzi hukatika na gundi hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Tena chuma ukikipiga kinabonyea na kukushitaki. Huu ukiupiga unarudi palepale, uso mtulivu, na jeraha limebaki katikati ya tabaka zake. Kwa hiyo swali letu lilibadilika. Halikuwa tena, "Huu ni mzima au mbovu?" Likawa, "Huu umebakiza nguvu kiasi gani, na utazimaliza lini?"

Wa kutujibu swali hilo aliletwa kutoka Kampala: Injinia Biira, binti wa watu wa Nyakiyumbu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na kompyuta asiyoiachia hata akinywa chai. Ukimwambia mtungi umejazwa mara ngapi, kwa nguvu gani na katika joto gani, alikuwa na hesabu ya kukuonyesha uchovu wake ulipofikia. Afande alimwita Afande Injinia, na kutoka kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Injinia Biira hakuiachia hesabu peke yake kazi yote. Alikuwa na vidude vidogo vya kusikilizia, alivyovibandika ubavuni mwa mtungi tukiusukumia maji kwa pampu. Maji, wanangu, si gesi. Mtungi ukipasuka na maji unakulowesha. Ukipasuka na gesi watu wanakukusanya. Uzi unapokatika hutoa mlio mdogo sana, na vidude vile huunasa. Sasa sikilizeni siri yake, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote katika kazi hii. Mtungi mzima hukaa kimya mpaka upite mzigo mkubwa kabisa uliowahi kubeba. Ulioumia huanza kulalamika kabla ya kufika hapo. Afande aliposikia hivyo akasema anawajua askari wa namna zote mbili.

Basi wakati mmoja ukaletwa kwetu mtungi kutoka mnara wa Bwera, kwa ukaguzi wa kawaida. Mmoja tu, wenzake walibaki mnarani. Injinia Biira akapiga hesabu, hesabu ikasema huu bado kijana. Tukaanza kusukuma maji. Hatukuwa tumefika nusu ya nguvu zake za kila siku, vidude vikaanza kulia kama njugu kwenye kikaango.

Injinia akaamuru pampu isimame.

"Hesabu yako imedanganya," Afande akasema.

"Hesabu haijui kudanganya, Afande. Imeamini ilichoambiwa. Kuna mtu ameificha kitu."

Nikachukua tochi yangu. Rangi ya mtungi ule iling'aa kupita kiasi. Ilikuwa rangi ya mafuta, ya kupakia milango. Nikakwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na masizi.

Tukaenda Bwera kwa gari la karakana, Afande mbele, sisi wawili nyuma tukirushwarushwa na mashimo. Mlinzi wa mnara aliitwa Thembo, mwanamume mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya. Aliipata kazi ile baada ya mlinzi wa kwanza kufukuzwa kwa kosa la kuruhusu mbuzi kulala ndani ya uzio. Mkubwa wa kampuni alikuwa amemwapia kwamba yeyote atakayecheza na mitungi atamfuata yule mlinzi wa mbuzi. Thembo alikuwa na watoto shuleni, na sare ile ndiyo iliyowafanya watu wa mtaa wamsalimie kwanza. Yote hayo niliyasoma usoni mwake Injinia Biira alipotaja mtungi.

Alisema hajui lolote. Alisema rangi alipaka yeye, kwa usafi.

"Vumbi ya hapa iko mingi, mama," akaniambia mimi, maana nilikuwa na uso wa huruma.

"Na masizi?" Afande akauliza.

"Masizi na vumbi inakuja pamoja, Afande."

Afande akamzunguka mara mbili, mikono nyuma. Nilidhani atamgonga kwa nyundo asikilize. Injinia Biira akamweleza kwa upole kwamba hakuja kumtafutia makosa. Ikiwa mtungi umeharibika wenyewe, bila kuguswa, basi mitungi yote ya aina ile katika minara yote imeoza, na itabidi kuishusha yote. Ikiwa umefanyiwa kitu, ni lazima akijue ni kitu gani. Thembo akatikisa kichwa. Alikuwa anatoa jasho mpaka mikunjo ya pasi ikaanza kulala.

Hapo ndipo akashuka kutoka kilimani mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa na fimbo, akiuliza kwa sauti ya kanisani, "Beko wapi bale batu ba mitungi?" Alikuwa Mzee Bwambale, mzee wa kanisa lililo mlimani, juu ya mnara, mtu aliyelelewa ng'ambo ya mpaka. Thembo alimwashiria kwa macho, kwa nyusi, hatimaye kwa mkono mzima. Mzee hakuona, au aliona akapuuza.

"Miye niko na malalamiko," akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Ile mutungi yenu iko mubaya. Haina sauti hata kidogo. Tuliipiga na nyundo kidogo, halafu na nyundo kubwa. Tukaipasha moto vizuri, sawa na ngoma, majani ya migomba makavu, tukapiga tena. Inalia kama boga. Sasa mutu anakaa kwa ofisi, analipwa, anatengeneza kitu ya namna hii?"

Thembo akageuka kuitazama milima, kama mtu anayetafuta njia ya kuipanda.

Ikawa wazi. Wezi walikuwa wameiba ringi ya lori iliyokuwa kengele ya kanisa, wakaiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Kanisa la chini, la wapinzani wao, lilikuwa na mtungi wetu wa chuma uliokatwa kitako, unaosikika mpaka Mpondwe. Kisha mvua ikakata barabara, lori la gesi likakaa wiki nyingi bila kuja, mitungi ya mnara ikalala mitupu. Mzee Bwambale akafikiri: ikiwa mtungi mzee wa hospitali unalia vile, huu mpya wa kizungu utaliaje. Thembo ni mwanakwaya wake, angemkatalia vipi? Ulipokataa kuimba, walifanya ambacho kila mpiga ngoma wa huku angefanya. Ngoma iliyolegea hupashwa moto, ngozi ikaze. Waliupasha na kuupiga Jumapili baada ya Jumapili wakiamini bado haujazoea. Lori lilipokaribia, Thembo akaurudisha na kuupaka rangi.

Afande alicheka mpaka akashikilia uzio. Injinia Biira hakucheka. Alifungua kompyuta juu ya boneti, akamuuliza mzee ile nyundo kubwa ni ya kupasulia mawe au ya misumari, moto ulikuwa upande gani, na mtungi ulikaa karibu na moto kiasi gani. Mzee akajibu yote kwa fahari, kama mtu anayehojiwa redioni. Thembo alinyoosha kwa kiganja mikunjo ya sare iliyokuwa imelala. Alijua siku zake katika sare zimekwisha.

Wakubwa wa Kampala walitaka kuona kwa macho nguvu zilizobaki, kwa hiyo wakaagiza tuupasue. Injinia Biira aliomba Thembo aje ashuhudie. Mzee Bwambale naye alialikwa, akasema hawezi kwenda kutazama kifo cha kitu alichokipiga kwa mkono wake mwenyewe. Mnarani akabaki Masika, mke wa Thembo, kumshikia zamu.

Shimo letu la kupasulia lilikuwa na kuta nene za zege na mfuniko wa chuma. Injinia Biira alituambia wazi mtungi utafia wapi kwenye geji ya kupimia nguvu, sasa kwa kuwa hesabu yake ilikuwa imeshaambiwa habari za nyundo na majani ya migomba. Afande akaweka dau la soda akisema utakufa mapema zaidi, kwa aibu. Tukasukuma. Njugu zikaanza kukaangika, zikazidi, zikanyamaza kwa ghafla, na mimi nikakumbuka kuziba masikio kwa kuchelewa. Ardhi ilitupiga nyayo kwa chini. Tulipoinua mfuniko, nyuzi zilikuwa zimefumuka kila upande kama kichwa cha mwanamke aliyekimbia saluni akiwa amesukwa nusu.

Geji ilikuwa imesimama karibu kabisa na pale alipotaja Injinia. Afande akatoa soda bila kuombwa.

Injinia Biira akamwita Thembo, akaweka kidole kwenye geji. "Umepasukia hapa. Na tungeurudisha Bwera, lori lingeujaza mpaka pale." Pale, alipoweka kidole cha pili, palikuwa juu sana kuliko hapa.

Thembo akaitazama nafasi iliyokuwa kati ya vidole vile viwili. Nilitegemea ashukuru Mungu. Akauliza, "Na zile ingine, Injinia?"

"Mingine haikuguswa. Lori liliijaza juzi."

Thembo akavua kofia ya sare. "Tulizigonga zote," akasema. "Kwaya nzima. Tulikuwa tunachagua yenye sauti."

Injinia Biira alikuwa ameshatoa simu yake na kumpa. Thembo akapiga, akaweka sauti wazi ili wote tusikie. Masika alipokea kwa utulivu, redio ikiimba nyuma yake. Thembo akamwambia aondoke mnarani, aende kanisani, sasa hivi.

"Uliniambia nisitoke kwa hiki kiti hata Rais akipita," Masika akasema. "Huo ni mtego. Mukubwa wako iko hapo anasikiliza kama nitatoka."

Thembo akabembeleza. Masika akasema hamfukuzishi mumewe kazi kwa uzembe wake. Afande akanyakua simu.

"Mama. Inuka. Geuka nyuma. Kwenda kanisani, tembea."

"Na wewe ni nani?"

"Afande Okello."

"Sikujui. Kama ni afande, kuja hapa unipe amri nikikuona."

Afande akaishusha simu na kuitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mchanga. Thembo akaichukua tena. Akageukia ukutani, lakini karakana ni ndogo na sauti ilikuwa wazi.

"Masika, si mtego. Tuliiharibu siye. Nyundo, na moto, na yote. Nilijua ni kosa nikapaka rangi. Nilificha juu ya kazi. Sasa wameipasua moja hapa nimeona. Wacha kazi iende. Toka hapo, mama watoto."

Redio iliendelea kuimba. Kisha tukasikia kitu kikiburutwa, na viatu vya plastiki vikipanda mlima.

Tuliendesha kwenda Bwera kwa kasi. Tulizima kila moto ulio jirani, hata wa mama wa chapati, aliyetutukana kwa lugha tatu. Kisha Injinia Biira akafungua koki ya mtungi wa kwanza kidogo sana, gesi ikaanza kupanda angani bila rangi wala harufu, polepole, mmoja hadi mwingine, mpaka yote ikawa mitupu na mnara ukanyamaza, maana umeme wa kawaida ulikuwa umekatika. Bwera nzima ilikosa mtandao jioni ile, na wengi walikuja kutuuliza tumekata simu kwa siasa gani.

Masika alikuwa kwenye ngazi za kanisa, amekaa juu ya kiti cha mlinzi. Alikipandisha nacho mlimani kwa sababu ni mali ya kampuni.

Akashuka nacho. Injinia Biira alikuwa amefungua kompyuta, anamuuliza Thembo mtungi kwa mtungi: huu nani aliupiga, kwa kitu gani, wapi. Thembo sasa alikuwa anasema kila kitu. Huu, mama mmoja wa sauti za juu, kwa jiwe, mara chache. Huu, vijana wa besi, wakaona hauna maana. Alikumbuka hata nani aliucheka. Injinia aliandika bila kuinua macho; baadaye aliwaandikia wakubwa kwamba bila mdomo wa mlinzi yule wasingejua waogope mtungi upi, wakubwa wakanung'unika miezi miwili, na Thembo akabaki na sare yake. Lakini siku ile hakuna aliyejua hilo, sembuse yeye mwenyewe.

Masika alisimama karibu, kiti begani, akasikiliza mpaka wakafika mtungi wa mwisho. Ulikuwa ule wa pembeni, unaogusana na uzio, na kando yake nyasi zilikuwa zimekufa mahali pa miguu minne ya kiti cha mlinzi.

"Na hii?" akauliza yeye, kabla ya Injinia.

Thembo aliitazama ile alama ya kiti kwenye nyasi.

"Hiyo ndiyo tulipiga sana," akasema. "Ilikuwa na sauti afadhali."

Masika alikizungusha kiti begani, akatoka getini, akavuka barabara mpaka upande wa pili, akakiweka chini ya ukuta wa duka la mbegu. Akakaa, akakunja mikono, akauangalia mnara kutoka huko. Baada ya muda Thembo akamfuata, akasimama kando yake. Mpaka nilipostaafu, walinzi wote wa mnara ule waliulindia kutoka pale pale.